Kiti cha mtoto kwenye Defender ya zamani: anza na mkanda

Swali: Habari za kazi, fundi. Tuna Land Rover Defender 110 ya mwaka 1993, tumeachiwa na baba mkwe. Siti ya kati ina nafasi tatu: za pembeni zina mikanda inayopita begani, ya katikati ina mkanda wa kiunoni tu. Nyuma kabisa kuna yale mabenchi yanayotazamana. Watoto ni wawili, binti wa miezi minane mwenye kilo 9 na kaka yake wa miaka minne, kilo 17. Mume wangu anataka wakae nyuma kwenye mabenchi ili bibi yao apate nafasi nzuri siti ya kati. Pia kuna fundi wa kuchomelea anayesema atatutengenezea vishikio vya ISOFIX, vile vyuma vya kunasia kiti cha mtoto moja kwa moja kwenye bodi la gari bila mkanda. Je, hilo linafaa? Na ninunue viti gani? – Mama wawili

Jibu: Salama, mama wawili. Umeuliza viti gani ununue, nami nitakurudisha nyuma kidogo, kwa sababu kwenye gari la umri huu mkanda ndio unaochagua kiti. Ukitangulia dukani utarudi na kiti kizuri kisichofungika.

Mabenchi kwanza, na hapa jibu ni fupi: hapana. Viti vya watoto hujaribiwa vikiwa vimefungwa kwenye siti inayotazama mbele. Gari likigonga kwa mbele, mtoto aliyekaa ubavu hurushwa kwa ubavu, kiuno kimeshikwa na mkanda huku kifua na kichwa vikiendelea na safari. Hakuna kiti cha mtoto kinachorekebisha hilo. Bibi akae mbele pamoja na dereva, na mmoja wenu abanane katikati ya watoto. Raha haitakuwepo, najua.

Sasa ISOFIX. Kwa macho ni kazi ya dakika ishirini: vyuma viwili vya unene wa milimita 6, katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine ni sentimita 28. Fundi yeyote mwenye mashine atavikata na kuvibandika. Tatizo liko kwenye kile vilichobandikwa juu yake. Gari linapotengenezwa na vishikio hivyo, kiwanda huvipima kwa kuvivuta kwa nguvu ya kilonyutoni 8, yaani kama kuning'iniza mzigo wa kilo 800 hivi, na bodi lazima livumilie. Fundi wako ataupimia wapi mchomo wake? Piga hesabu ndogo: gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimama ndani ya nusu mita, kila kilicho ndani huvuta kwa wastani wa mara 20 ya uzito wake. Kijana wako wa kilo 17 anakuwa kilo 340, na bado hatujaongeza kiti chenyewe. Mshukuru huyo fundi, mpe kazi ya geti.

Wala hujapoteza kitu. ISOFIX ilibuniwa hasa kupunguza makosa ya watu wanaofunga kiti kwa mkanda. Kiti kilichofungwa vizuri kwa mkanda wa pointi tatu, yaani unaopita kiunoni na begani, kinamlinda mtoto, na bahati yako ni kwamba unayo mikanda miwili ya namna hiyo, na watoto wawili.

Kwa hiyo twende kwenye mikanda. Ivute yote hadi mwisho, uitandaze juani. Tafuta kingo zilizochanika, nyuzi zilizosimama kama manyoya, sehemu iliyokauka na kupauka. Mkanda wa miaka thelathini ukiwa na hata kimoja kati ya hivyo, ubadilishe, usiushone. Kifungo nacho: kichomeke, usikie mlio, kisha kivute kwa nguvu. Kinachohitaji kupigwapigwa ndipo kishike kimejaa mchanga au springi yake imechoka.

Kisha fuata mkanda hadi kwenye bolti. Bolti za mikanda ya gari kwa kawaida ni za inchi 7/16, meno 20 kwa inchi, na Defender inatumia hizo. Zikipotea, watu hulazimisha bolti ya milimita 12 waliyoiokota sandukuni. Inaingia mizunguko mitatu, inakwama, mtu anasema imekaza. Niliwahi kufunga kiti kwenye gari la jamaa, kila kitu kikaonekana safi, nikakiegemea kwa goti ili nikaze mkanda, bolti ikaanza kuzunguka yenyewe. Chini ya gari nati ilikuwa imebaki ganda jekundu, unalivunja kwa kidole. Tangu siku hiyo sifungi kiti kabla sijalala chini ya gari na tochi. Kwenye Defender kuna jambo la ziada: sehemu kubwa ya bodi ni alumini, na alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Ukiona unga mweupe au rangi imetuna kama malengelenge karibu na bolti ya mkanda, fundi wa bodi aione kwanza.

Bado tuko kwenye mikanda, maana kuna jambo linalowachanganya sana wenye magari ya porini. Ndani ya ile rola inayovuta mkanda kuna kidude cha kuhisi mwinamo, mara nyingi ni gololi ndogo ndani ya kikombe. Gari likiinama sana, gololi inasogea, rola inajifunga. Kanuni ya R16 ya Umoja wa Mataifa inataka isijifunge mwinamo ukiwa nyuzi 12 au chini, na ijifunge ukizidi nyuzi 27. Ndiyo maana umeegesha kilimani, unavuta mkanda, umegoma kabisa, unadhani umekufa. Haujafa. Peleka gari mahali tambarare ujaribu tena. Kwa sababu hiyo hiyo, funga kiti cha mtoto mkiwa tambarare, usijiingize kwenye kupigana na rola.

Lakini sababu hiyo ina upande wa pili, na ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Wengi hununua mikanda mingine na kuibandika palipopatikana nafasi. Rola iliyofungwa ikiwa imelala kinyume na ilivyoundwa, gololi haiko tena mahali pake: ama mkanda umejifunga saa zote, ama kidude hicho hakifanyi kazi siku ya ajali. Kama mikanda yako si ile iliyokuja na gari, linganisha mkao wa rola na maelekezo ya aliyeitengeneza. Halafu jaribio rahisi: vuta taratibu, utoke, vuta kwa ghafla, ukamate. Usipokamata, ng'oa.

Hapo ndipo tunanunua. Chukua futi ya kitambaa. Mkanda wote ukiwa umetolewa, pima urefu wake kutoka bolti moja hadi nyingine, kisha muulize muuzaji kiti kinahitaji urefu gani, au bora zaidi, omba kukijaribu garini. Viti vya watoto wachanga vinavyotazama nyuma ndivyo vinavyokula mkanda mrefu, kwa kuwa unazunguka nyuma ya ganda. Mara nyingi unakuta umepungua kiganja kimoja, na hakuna cha kuunganisha. Pima pia nafasi ya miguu: kiti kinachotazama nyuma kitaisukuma siti ya mbele, na kwenye Defender siti hizo hazina nafasi kubwa ya kusogea.

Binti: atazame nyuma, bila mjadala. Viti hupangwa kwa makundi ya uzito; kwa kilo 9 bado anaingia kwenye kundi la 0+, linalofika kilo 13, lakini kama mfuko unaruhusu, tafuta kile kinachoendelea kutazama nyuma hadi kilo 18. Kichwa cha mtoto wa umri wake ni kizito kuliko shingo inavyomudu. Akitazama nyuma, mgongo mzima wa kiti ndio unaokipokea. Usimgeuze kwa sababu miguu imegusa egemeo la siti.

Kaka yake ana kilo 17, na viti vya kundi la 1 huishia 18. Ukimnunulia hicho, kabla mwaka haujaisha unarudi dukani. Mpe busta (kiti cha kumwinua mtoto) yenye mgongo, ile ya kilo 15 hadi 36, inayotumia mkanda wa gari wenyewe. Sehemu ya chini ipite juu ya mapaja karibu na nyonga, si tumboni, na ya juu ipite katikati ya bega. Kama ni wa kulala safari nzima na kuinama hadi mkanda unamtoka begani, vipo vichache vyenye mikanda ya ndani vinavyofika kilo 25, na kwenye barabara mbovu huwa nashawishika kuvipendekeza. Busta isiwekwe katikati kamwe, mkanda wa kiunoni hautoshi.

Tazama lebo ya chungwa: iandikwe R44/04 au R129, kanuni za Umoja wa Mataifa za viti vya watoto. Usidanganyike kwamba R129 lazima iwe ya ISOFIX, vipo vya mkanda. Cha mtumba kataa kama hujui historia yake.

Kuhusu mbele: gari lako halina mifuko ya hewa, kwa hiyo hatari hiyo haikuhusu. Mwenye gari jingine lenye mfuko wa hewa wa abiria asifunge kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko huo, isipokuwa awe ameuzima kwanza.

Kufunga sasa. Siti za Defender ni bapa, sponji imezeeka, ngozi ya bandia inateleza. Usijaze taulo na mito kukiinua kiti, kitu laini husinyaa wakati wa ajali na mkanda unalegea. Ona mkanda unapita wapi: alama za buluu ni kwa kiti kinachotazama nyuma, nyekundu kwa kinachotazama mbele. Egemea kiti kwa goti na uzito wako wote, vuta mkanda hadi ujue umechoka. Kisha kishike pale mkanda unapopita, kitikise kulia na kushoto: kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, fungua uanze upya. Angalia kifungo kisikalie ukingo wa kiti. Kikipindwa pale kinaweza kuvunjika. Mtoto akikaa, mvue koti, kaza mikanda ya ndani hadi usiweze kuifinya ikakunjika begani.

Nyuma yao, kwenye yale mabenchi, patakuwa na jeki, dumu la maji na tairi la akiba. Vifunge kwa kamba kwenye vishikio vya sakafu, au vitoe. Dumu la lita 20 nalo linazidishwa mara 20.

Na ukishatoka lami, simama baada ya makorongo ya kwanza, shika kiti pale pale, kitikise tena. Siti ile itakuwa imeshaketi chini kidogo, na mkanda utakuwa umelegea bila wewe kuona.