Re: Nyuzi za gitaa ziko juu sana, nilirudishe dukani?

Mkuu, umesema nyuzi za gitaa lako ziko milimita 4 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya kukatiza shingo). Ni nyingi kweli, vidole lazima viume. Lakini usikimbilie kulirudisha Mtwara mjini. Kwanza pitisha ukingo wa karatasi nyuma ya daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi, pale lilipogundishwa kwenye ubao. Ikiingia, gundi imeachia: rudisha, hapo hakuna mjadala.

Isipoingia, kagua shingo. Bana uzi mnene freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, tazama nafasi kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa milimita 0.2 hadi 0.3, karibu unene wa kadi ya biashara. Ikizidi, legeza nyuzi kidogo, kaza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko kuelekea kulia, kaza nyuzi tena, pima. Kikigoma usilazimishe, kikikatika shingo imekwisha.

Kimo cha nyuzi kinachobaki punguza kwenye kijiti cheupe cha daraja, kile nyuzi zinapolalia, kwa msasa uliolazwa juu ya kioo, upande wa chini tu. Ukitaka nyuzi zishuke milimita 1, kijiti kipungue 2. Lenga milimita 2.5 uzi mnene, 2 uzi mwembamba, pale freti ya 12. Watu wengi hukata mara moja wakapitiliza, nyuzi zikaanza kukwaruza freti.

Unyevu wa pwani huvimbisha ubao wa juu, kwa hiyo pima tena kiangazi.

Kuhusu swali lako la duka dogo kuuza bei ya juu zaidi, likikufanyia haya yote kabla hujalipa, hiyo nyongeza ni halali. Lisipofanya, unalipia nauli ya boksi tu.