Roboti Itatuelewaje Kiwandani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Uongozi unakusudia kuleta mkono wa roboti wa kupanga maboksi, nasi tumeahidiwa kwamba tutaongea nao kwa Kiswahili kama tunavyoongea na mwenzetu. Je, hilo linawezekana? – Msimamizi, Ilemela.

JIBU: Ndugu Msimamizi, linawezekana kwa sehemu, ila ahadi yenyewe imeegemea mno kwenye maneno. Kiwandani, ambako mitambo ya ubaridi inanguruma na kila mtu amefunika mdomo, ninyi wenyewe hamsemi sana: mkata minofu humtazama mwenzake, humwonyesha trei kwa kidevu, naye huivuta. Roboti isiyoyaona hayo itabaki kiziwi hata ikijua Kiswahili sanifu. Mwaka 1980 Richard Bolt, mtafiti wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT nchini Marekani, alionyesha mfumo ambao mtu aliuambia "weka hicho pale" huku akielekeza mkono kwenye skrini kubwa, na kompyuta ikatambua kutokana na mkono huo ni kitu gani na ni wapi.

Linalosahaulika zaidi ni roboti nayo kuwajulisha ninyi inachotaka kufanya. Baxter, roboti iliyotolewa na kampuni ya Rethink Robotics mwaka 2012, ilikuwa na skrini yenye macho ya kuchorwa yaliyogeukia upande ambao mkono wake ulikuwa karibu kuelekea, ili aliye jirani ajihadhari mapema. (Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2018, macho mazuri peke yake hayauzi mashine.)

Mwambieni muuzaji wa roboti afanye majaribio humo humo kiwandani, mitambo ikiwa imewashwa, kwa sauti za wafanyakazi wenu wenye lafudhi ya Kisukuma na Kikerewe. Angalieni inafanya nini isipoelewa: inauliza, au inakisia? Binadamu hujibizana kwa pengo la takribani sehemu moja ya tano ya sekunde, kwa hiyo roboti ikinyamaza kwa sekunde mbili mfanyakazi atarudia agizo, na boksi moja litaagizwa mara mbili. Taa ndogo ya kuonyesha kwamba imesikia ingeondoa usumbufu huo. Amri ya kusimama, hata hivyo, msiiachie sauti. Kitufe chekundu kiwe mahali ambapo mwenye glavu zenye utelezi anakifikia, nanyi mkibonyeze wenyewe kabla uongozi haujatia saini.