Kwa nini Samatta aliwaka Genk na Villa akapoa, na kijana wa namba tisa apite wapi

Mkuu uliyeanzisha uzi, maswali yako ni mawili na naona wengi wamejibu moja tu. La kwanza: kwa nini straika wa Tanzania, Mbwana Samatta, alikuwa anatupia kila wiki Genk ya Ubelgiji, halafu Aston Villa ya Uingereza akaishia na goli moja la ligi. La pili: mdogo wako ana miaka 17, anacheza namba tisa, yaani straika wa kati, kuna mtu anamwahidi majaribio Ulaya, je, aende? Jibu la swali la pili limo ndani ya lile la kwanza, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Namba tisa hulishwa. Kipa anaweza kung'ara kwenye timu mbovu, beki naye anaweza, na kiungo akiwa na akili ataonekana tu. Straika asipoletewa mpira ndani ya boksi, dakika 90 zinapita akiwa na miguso 20, na watu wanasema ameisha. Ukiifuata safari ya Samatta kwa jicho hilo utaielewa vizuri.

Alitoka African Lyon, akaenda Simba 2010, na mwaka 2011 akakutana na TP Mazembe ya Lubumbashi, Kongo, kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Wakamwona, wakamchukua mwaka huo huo akiwa na miaka 18. Kule Lubumbashi alikaa zaidi ya miaka minne, na hapo ndipo vijana wengi huteleza: wanahesabu miaka minne ndani ya Afrika kuwa ni kuchelewa. Angalia alichokipata. Alicheza kwenye timu inayotawala mpira karibu kila mechi, akawa anakutana na mabeki wa Algeria, Misri, Sudan na Morocco, na akajifunza kufunga huku mpinzani amerundika watu tisa nyuma. Mwaka 2015 Mazembe wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, yeye akafunga kwenye mechi zote mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Januari 2016 akapewa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huo huo akaenda Genk. Alikuwa na miaka 23, mwili umekomaa, na hakwenda Ubelgiji kujaribiwa. Alikwenda na mkataba.

Genk ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili yake. Msimu wa 2018/19 chini ya kocha Philippe Clement, nyuma yake na pembeni yake walikuwepo Ruslan Malinovskyi na Leandro Trossard, na hadi Machi 2019 Alejandro Pozuelo. Hao wote wanapiga pasi ya mwisho mapema, kabla beki hajageuka. Samatta hakuwa straika wa kusubiri miguuni. Silaha yake ni mita tano za kwanza kuelekea nafasi iliyo wazi. Akafunga magoli 23 ya ligi, Genk wakawa mabingwa, na yeye akachukua Kiatu cha Ebony, tuzo ya mchezaji bora mwenye asili ya Afrika kwenye ligi ya Ubelgiji. Agosti 2018 alikuwa ameshawapiga Brøndby magoli matatu kwenye mchujo wa Europa League. Novemba 2019 akafunga kwa kichwa Anfield, uwanjani kwa Liverpool.

Sasa Villa. Straika wao Wesley aliumia goti vibaya tarehe 1 Januari 2020 na Villa wakabaki bila namba tisa, huku wanapigania kutoshuka. Samatta akanunuliwa ndani ya wiki hizo. Hili ndilo jambo la kulishika: alinunuliwa kuziba pengo, hakununuliwa na kocha aliyekuwa amejenga timu kumzunguka. Akafunga kwenye mechi yake ya kwanza ya ligi kule Bournemouth tarehe 1 Februari, akafunga Wembley tarehe 1 Machi kwenye fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, halafu katikati ya Machi mpira ukasimama kwa Korona hadi Juni. Waliporudi, Villa walikuwa wanacheza wamerudi nyuma, mpira unapita kwa Jack Grealish upande wa kushoto, na straika kazi yake kubwa ni kukimbizana na mabeki na kushikilia mipira mirefu akiwa ameipa goli mgongo. Villa walimaliza nafasi ya 17 wakabaki. Samatta alimaliza na mechi 14 za ligi na goli moja. Septemba wakamnunua Ollie Watkins kutoka Brentford, mwezi huo huo Samatta akaenda Fenerbahçe kwa mkopo. Kwa mtu aliyekuwa anaangalia krosi ngapi zilikuwa zinaingia, hakuna la kushangaza hapo.

Litazame tena lile goli la Wembley, mdogo wako naye alitazame mara kumi. City wanaongoza 2-0, dakika ya 41. John Stones anateleza, winga wa Villa, Anwar El Ghazi, anapata mpira. Mwangalie Samatta kabla krosi haijapigwa. Hakimbilii golini moja kwa moja, anachungulia kwanza mabeki wako wapi, anakaa usawa wa bega la beki ambaye macho yake yako kwenye mpira, kisha anaingia mbele kwa kasi mpira ukiwa umeshaondoka mguuni. Anajitupa na kuupiga kichwa ukiwa chini. Angeanza kukimbia nusu sekunde mapema, mpira ungempita kwa nyuma.

Hayo yanafundishika. Ishara ya kuanza kukimbia ni kichwa cha mpigaji: winga akiinamisha kichwa kuangalia mpira kwa mguso wa mwisho, hapo ndipo unapoondoka. Kabla ya hapo piga hatua mbili za uongo kuelekea mlingoti wa mbali, beki akikufuata kata ghafla kwenda wa karibu. Hatua za uongo ziwe za polepole na za kweli ziwe za kasi, tofauti ya mwendo ndiyo inayomuua beki. Wengi wanafanya zote kwa kasi moja, beki anabaki nao tu. Kosa la pili ni kusimama sambamba na beki, bega kwa bega: akikuona pamoja na mpira kwa wakati mmoja huna nafasi. Simama nyuma ya bega lake, mahali ambapo ili akuone lazima auache mpira. Kuhusu kuotea, usikimbie wima kuelekea golini. Kimbia kwa mkunjo ukifuata mstari wa mabeki, kisha ndipo ukate.

Mazoezi ya kumalizia yafanyike mwili ukiwa bado haujachoka, siyo mwisho wa mazoezi kila siku kama tulivyozoea viwanja vyetu. Seti tatu za mipira kumi, mguso mmoja, ndani ya mita 12, krosi kutoka pande zote mbili, na theluthi ya mipira iwe ya mguu dhaifu. Magoli mengi hutoka humo ndani, na wengi hutumia saa nzima kupiga mashuti ya mita 25 ambayo kwenye mechi watapata moja. Pamoja na hayo afanye zoezi la kupokea mpira akiwa na mtu mgongoni: mkono umpime beki yuko upande gani, mpira upokewe na mguu ulio mbali naye. Samatta alikutana na kazi hiyo kwa wingi Uingereza.

Kwenye mwili nitataja kimoja, msuli wa nyuma ya paja, kwa sababu ndio unaowakatisha msimu washambuliaji wenye kasi. Zoezi la kupiga magoti, mwenzako anashika vifundo vya miguu kwa nyuma, nawe unashuka mbele polepole ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi mabegani. Aanze seti mbili za tano mara moja kwa wiki, apande taratibu hadi tatu za nane. Asilifanye siku moja au mbili kabla ya mechi, maana misuli hukaza na kuuma, na wengi huliacha kwa sababu walianza na nyingi mno. Mbio za kasi ziwe fupi, mita 20 mara sita hadi nane, na apumzike dakika mbili kati ya mbio na mbio. Akipumzika sekunde 20 hapo anajenga pumzi, kasi haiongezeki.

Turudi kwenye ahadi ya Ulaya. Kanuni za FIFA haziruhusu uhamisho wa kimataifa kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa mambo yasiyohusu mpira. Kwa hiyo mtu anayekwambia klabu ya Ulaya itamsajili sasa hivi, hapo tayari kuna tatizo. Wakala lazima awe na leseni ya FIFA, jina lake linatafutika kwenye tovuti yao. Kwa mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi kwa maandishi kabla hata ya kuanza mazungumzo. Mkataba wa uwakilishi usizidi miaka miwili. Klabu inayokuhitaji kweli haikutozi pesa ya majaribio, na barua ya mwaliko hutoka klabuni yenyewe, yenye tarehe, mahali pa kulala na nani anabeba bima akiumia. Mpigie simu mtu wa klabu kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yao, usitumie ile uliyopewa na wakala.

Mkataba wa kwanza ukija, asome mambo haya kabla ya kuangalia dau la kusaini: mshahara unalipwa tarehe ngapi, nani analipa nyumba na tiketi za ndege, na kuna kipengele gani cha kuuzwa. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hafungwi zaidi ya miaka mitatu, na wakubwa kwa kawaida ni miaka mitano. Nakala iliyosainiwa na pande zote abaki nayo nyumbani. Klabu ikikaa bila kulipa mishahara miwili ya mwezi, aiandikie kudai na kuipa siku 15. Zikipita bila malipo anayo haki ya kuvunja mkataba. Vijana wanaharibu hapa kwa kugoma na kuondoka kambini bila barua, na kesi inageuka, klabu ndiyo inayodai.

Na hakikisha timu yake ya sasa imemsajili rasmi kwa miaka yote anayocheza, hata kama ni timu ya mtaani. Mchezaji anapouzwa nje kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Kwenye ada ya dola milioni moja, klabu iliyokaa naye akiwa na miaka 16 na 17 inapata dola 10,000. Bila usajili hakuna pasipoti ya mchezaji (rekodi ya klabu zote alizosajiliwa) inayoonyesha jina la klabu hiyo, na pesa haiji.

Apite wapi sasa? Mimi ningemtafutia dakika kabla ya jina la klabu. Fiston Mayele alifunga magoli saba Kombe la Shirikisho Afrika akiwa Yanga msimu wa 2022/23, akaenda Pyramids ya Misri na mwaka 2025 akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika. Michael Olunga wa Kenya alipita Girona ya Hispania na kufunga matatu kwenye mechi moja ya La Liga, lakini ni Kashiwa Reysol ya Japan, aliyojiunga nayo 2018 na kubaki nayo iliposhuka daraja la pili mwaka 2019, ndiyo iliyokuwa timu inayomlisha. Alifunga manane kwenye mechi moja dhidi ya Kyoto, wakapanda, na mwaka 2020 akawa mfungaji bora wa ligi kuu kwa magoli 28 na mchezaji bora wa msimu.

Kwa hiyo kabla hajakubali klabu yoyote, mtazame mechi zao tatu nzima na mhesabu: mipira mingapi inaingia boksi, inatoka upande gani, namba tisa wao anagusa mpira mara ngapi ndani ya eneo la hatari, na nani anaanza akiwa mzima. Kama mbele yake kuna mwenye miaka 24 na mkataba wa miaka minne, hapo atakaa benchi. Nanyi muandae video zake: dakika nne au tano za vipande, alama ikimwonyesha kabla mpira haujafika, na magoli yasizidi nusu. Weka na mikimbio ambayo hakupewa pasi, na jinsi anavyokaba mpira ukipotea. Chini yake ambatanisha mechi mbili nzima, moja wakiwa wameshinda na moja wamefungwa, maana msaka vipaji makini huifungua ile ya kufungwa kwanza.