Mtihani wa leseni ya uuguzi: fedha kidogo uiweke kwenye kitabu gani?

Mdogo wangu, umeuliza jambo ambalo wengi huliuliza wakiwa wameshatoa fedha, kwa hiyo umewahi. Umesema umemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, uko Igoma unasubiri mtihani wa leseni, na mbele yako kuna mambo matatu: kitabu kinene cha maswali ya Marekani alichokuletea mjomba wako, madesa ya chuo, yaani nakala za maelezo ya darasani, uliyoachiwa na waliokutangulia, na mtu wa WhatsApp anayeuza kile anachokiita maswali ya Baraza, chombo kinachotoa leseni hiyo. Fedha uliyonayo inatosha kitu kimoja tu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi katika hospitali moja ya hapa Mwanza, na vijana wanaojiandaa na mtihani huo hunijia na makaratasi yao ya kusomea ili tuyapitie pamoja. Ninayoandika hapa yametokana na makaratasi hayo.

Ushauri wangu ni kwamba fedha hiyo usinunulie kitabu chochote kipya. Peleka steshenari, uchapishe sura chache za miongozo ya Wizara ya Afya, halafu madesa na kitabu cha mjomba uvisome ukiwa na miongozo hiyo pembeni. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu pamoja na Orodha ya Dawa Muhimu, toleo la mwaka 2021, unapatikana bila malipo kwa mwenye simu na bando. Huna haja ya kuuchapisha wote, maana ni mkubwa na utakumalizia fedha kabla hujafika katikati. Chapisha malaria, dharura za uzazi, magonjwa ya watoto, kisukari na shinikizo la damu, kisha ongeza ratiba ya chanjo ya taifa. Sehemu nyingine zisome kwenye simu.

Sababu yangu ni hii. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, linalofanya kazi chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, linatoa leseni ya kumhudumia mgonjwa wa Tanzania, katika kituo cha Tanzania, kwa dawa zilizomo kwenye kabati la Tanzania. Kitabu kinaweza kuwa kizuri sana kwa nchi kilikoandikiwa na bado kikakupa jibu lisilo sahihi hapa kwetu, na desa linaweza kuwa limeandikwa na mwalimu hodari na bado likawa limepitwa na wakati. Kwa hiyo chochote unachopewa, kabla hujauliza kama kinasomeka vizuri, uliza kiliandikiwa wapi na mwaka gani.

Nianze na madesa, kwa sababu ndiyo yanayoaminiwa zaidi na ndiyo yasiyokuwa na tarehe. Yamenakiliwa kutoka kwenye nakala ya nakala, ukurasa wa kwanza ulishapotea, na aliyeyaandika hajulikani. Hata hivyo umri wake unaweza kuujua kwa kufungua kurasa chache tu. Fungua sura ya malaria kali. Kama dawa ya kwanza iliyotajwa ni kwinini ya mshipa, sura hiyo ni ya zamani, kwa maana Shirika la Afya Duniani lilishaiweka artesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, mbele ya kwinini kwa watoto pia tangu mwaka 2011. Kama artesuneti ipo lakini kipimo ni miligramu 2.4 kwa kila kilo kwa wagonjwa wote, basi iliandikwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2015, ambayo yaliwapa watoto walio chini ya kilo 20 kipimo cha miligramu 3 kwa kila kilo. Kisha nenda kwenye uchungu wa uzazi. Desa linalosema hatua ya uchungu wa kasi huanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4 linafuata patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, iliyotumika kabla ya mabadiliko haya. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018 yalisogeza mwanzo huo hadi sentimita 5, na chati mpya ya huduma ya uchungu iliyotolewa mwaka 2020 imejengwa juu ya hapo. Hapa usifute cha zamani kichwani, kwa sababu utazikuta chati zote mbili makazini. Jua tu ni ipi inayosema nini, na swali likitaja patografu ujibu kwa patografu.

Angalia pia chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi. Tangu Aprili 2024 Tanzania inawapa wasichana wa miaka 9 hadi 14 dozi moja, na madesa mengi niliyoyaona bado yanasema mbili. Ukikuta makosa ya namna hiyo matatu au manne usilitupe desa lote. Anatomia haijabadilika, hatua za mchakato wa uuguzi ni zilezile, na maelezo ya walimu wetu kuhusu kumsafisha mgonjwa kitandani, kutunza kidonda au kumlisha mgonjwa kwa mpira ni mazuri kuliko ya vitabu vingi vya nje. Kinachozeeka haraka ni dozi, ratiba na viwango vya kuanzia matibabu. Hivyo virekebishe kwa kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa, ukiwa umefungua mwongozo. Kazi hiyo ya kurekebisha, kwa maoni yangu, inamfundisha mtu kuliko kulisoma desa lenyewe mara nyingi, kwa sababu inakulazimisha kutazama kila namba na kujiuliza imetoka wapi.

Sasa kitabu cha mjomba. Kimetungwa kwa ajili ya mtihani wa wauguzi wa Marekani uitwao NCLEX, na wenzetu wengi hukichukulia kuwa kama kinawapitisha Wamarekani basi kwetu kitakuwa rahisi. Si suala la urahisi. Chukua chanjo ya surua: humo mtoto hupewa ya kwanza akiwa na miezi 12 hadi 15, wakati kwetu chanjo ya surua na rubela hutolewa akiwa na miezi 9, kisha 18. BCG, chanjo ya kifua kikuu ambayo sisi tunampa mtoto anapozaliwa, kwao si chanjo ya kawaida. Sukari ya damu wanaipima kwa miligramu kwa desilita, kwa hiyo ukiona 70 usidhani mgonjwa ana sukari ya kupindukia. Gawanya kwa 18 utapata 3.9 kwa kipimo chetu cha milimoli kwa lita, na huyo ni mtu anayekaribia kuishiwa sukari. Joto liko kwa Farenihaiti, na dawa tunayoiita paracetamol au salbutamol humo ina jina jingine kabisa.

Kifafa cha mimba ndicho kinachonifanya nisisitize. Kitabu hicho kitakuambia magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege hiyo, inaanza kwa mshipa kisha inaendelea kwa pampu, gramu moja hadi mbili kwa saa. Katika zahanati ya kisiwani Ukerewe pampu hiyo utaitoa wapi? Utaratibu unaopaswa kuujua kwa kulala na kuamka ni wa gramu 4 kwa mshipa taratibu, na gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako, halafu gramu 5 kila baada ya saa 4, tako moja baada ya jingine. Kabla ya kila dozi unapima mambo matatu: goti liitike ukiligonga, pumzi zisipungue 16 kwa dakika, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, ya kupambana na sumu ya magnesiamu ikizidi, iwe karibu. Sehemu ya vipimo hivyo vitatu inafanana kwa kiasi kikubwa hapa na kule, na ndiyo maana nasema kitabu kisome, ila usikisome peke yake.

Maswali ya matone ya dripu nayo yana mtego wake. Lita moja kwa saa 8 ikipita kwenye seti (mpira wa dripu) ya matone 20 kwa mililita ni matone 42 kwa dakika. Lita hiyohiyo kwenye seti ya matone 15 ni 31. Nimewaona vijana waliokariri 31 kutoka kwenye kitabu cha nje wakiiandika bila kusoma seti gani imetajwa. Namba hiyo imeandikwa kwenye paketi ya seti yenyewe, na siku ukiwa wodini shika paketi uisome, itakukaa. Kanuni ni moja: mililita mara matone, gawanya kwa dakika.

Yapo maswali ya kitabu hicho ya kuruka bila majuto. Ni yale yanayouliza kazi ipi ampewe muuguzi wa ngazi ya chini na ipi ampewe msaidizi, kwa sababu ngazi zao si zetu, na yale ya bima na sheria za majimbo. Upande mwingine, malaria humo imepitiwa juu juu na kichocho usikitarajie, jambo ambalo kwa mtu aliyekulia ufukweni mwa Ziwa Victoria ni la kushangaza kidogo. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, imeandikwa vizuri, hasa maumivu, maji na oksijeni, na kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wenye ugonjwa huo, sura hiyo usiiache.

Faida kubwa ya kitabu ni namna kinavyouliza na kueleza. Nikupe mfano wa swali ambalo mimi huwatungia vijana. Mama amejifungua nusu saa iliyopita, kanga imelowa damu, na ukigusa tumbo unakuta mfuko wa uzazi ni laini; utafanya nini kwanza? Jibu ni kusugua mfuko wa uzazi ujikaze huku ukiita msaada. Sasa badilisha neno moja: mfuko ni mgumu, umejikaza vizuri, na damu bado inatiririka. Kusugua hakutasaidia kitu. Hapo unatafuta mchaniko kwenye mlango wa kizazi au ukeni. Kitabu kizuri cha maswali kitakueleza hilo neno lililobadilisha jibu, na kitakueleza pia kwa nini kila chaguo jingine si sahihi. Kijitabu kinachoishia na orodha ya herufi mwishoni, moja B, mbili D, tatu A, hakikufundishi, hata kama herufi zote ni sahihi, na nyingi huwa si sahihi.

Hapo ndipo ninapomwona huyo muuzaji wa WhatsApp. Anachouza, kwa yale niliyoonyeshwa na vijana, ni picha za maswali zilizopigwa kwa simu zikiwa na majibu ya herufi, mengine yakiwa yametolewa neno kwa neno kutoka vitabu vya nje na kubandikwa jina la Baraza juu. Mmoja aliuziwa swali ambalo sukari ya mgonjwa ilikuwa bado kwa kipimo cha Marekani. Na kama kweli ni karatasi iliyovuja, basi unanunua kosa la jinai pamoja na hatari ya kuipoteza leseni kabla hujaipata. Kuhusu muundo wa mtihani, tarehe na ada, soma tangazo la Baraza lenyewe, si la mtu aliyelinakili.

Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, na wengi mnaongea mambo haya kwa Kiswahili, jambo ambalo silipingi hata kidogo. Kaeni watu watatu au wanne, mjadili kisa kwa Kiswahili mpaka kila mmoja aone mgonjwa anayezungumzwa, halafu msome swali kwa Kiingereza kwa sauti na mtafute neno linaloamua: je, linauliza hatua ya kwanza, hatua muhimu zaidi, au lile lisilofaa? Nimeona mtu anayejua kumhudumia mama mwenye damu kuliko mimi akikosa swali la mama huyohuyo kwa kuruka neno la kukanusha.

Umeuliza mwisho kuhusu darasa la marudio la wiki moja linalotangazwa karibu na Nyegezi. Silijui, kwa hiyo sitalisema vibaya. Nenda kabla ya kulipa, omba kuonyeshwa kurasa mbili za maswali yao pamoja na maelezo ya majibu, na uangalie humo dozi ya artesuneti kwa mtoto wa kilo 12, na umri wa chanjo ya surua. Vikiwa sahihi na fedha ikibaki, jiunge. Wakikataa kukuonyesha mpaka ulipe, rudi steshenari. Kitabu cha mjomba kitunze. Siku ukiamua kwenda Marekani, ujue kwamba mtihani wao ulibadilika Aprili 2023 na kuongezewa visa virefu vya mgonjwa mmoja vyenye maswali yanayofuatana, kwa hiyo angalia kama toleo lako lina visa hivyo, na kama halina, utahitaji jingine kwa ajili ya huko.