Mnaoanza kupima minyoo kwa akina mama vijijini, ulizeni habari ya damu kwanza

Kama umezoea kupima wanafunzi mashuleni halafu sasa umepangiwa wanawake wa umri wa kuzaa, usibebe ule utaratibu wa shule ukadhani utatosha. Mtoto unampa kikopo, anarudi nacho, basi. Mwanamke anaona siku zake kila mwezi, anaweza kuwa na mimba na hajajua, na hayo yote yanaingia kwenye majibu yako na kwenye dozi utakayompa, kwa hiyo fomu yako kama haina swali la lini aliona siku zake mara ya mwisho irekebishe kabla hamjapanda gari.

Chukulia mkojo. Kutafuta kichocho wengi tunakimbilia kile kijiti cha kuonyesha damu maana ni rahisi na hakitaki umeme. Sasa mama aliye kwenye siku zake kijiti kitabadilika rangi hata kama hana yai hata moja la kichocho, wewe unaandika ana kichocho, takwimu za kijiji kizima zinapinda hivyo hivyo. Akikwambia yuko siku zake mpangie arudi zikiisha. Na mkojo uchukue kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, ndo mayai yanatoka kwa wingi, ule wa alfajiri utakudanganya.

Kwenye choo kikubwa shida ni safura. Hawa ndo minyoo wanaonyonya damu utumboni, yani ndo uliowafuata, halafu mayai yao ndo yanaponyoka kirahisi kuliko yote. Ukitengeneza slaidi ya Kato-Katz, yani ile ya kupaka choo kidogo kwenye kioo na kuhesabu mayai kwa hadubini, ile gliserini inang'arisha choo ili uone vizuri, ila ganda la yai la safura ni jembamba sana, ikipita saa moja hivi halionekani tena, unabaki na ya askaris, wale minyoo wakubwa wa mviringo, yale ya kahawia yenye ganda nene, unaripoti kijiji hakina safura kumbe slaidi ilikaa mezani wakati mnakula. Soma ndani ya nusu saa, isizidi saa moja. Kama msomaji wa hadubini ni mmoja basi pokeeni vikopo vichache vichache, msijaze meza.

Halafu msibebeshe minyoo kila kitu. Wingi wa damu chini ya gramu 12 kwa desilita kwa asiye na mimba ni upungufu, lakini unaweza kutoka kwenye hedhi nzito, malaria, kuzaa karibu karibu au lishe. Ndo maana mayai ya kwenye slaidi ya Kato-Katz tunayahesabu na kuzidisha mara 24 kupata idadi kwa gramu ya choo, hatuandiki tu yapo au hayapo, maana minyoo wachache hawamwangushi mtu mwenye akiba nzuri ya madini chuma, wakiwa wengi ndo kazi inaanza. Na aliyepungukiwa damu usimpe dawa ya minyoo ukamuaga, anahitaji na vidonge vya madini chuma.

Swali la mimba uliza faragha, tafadhali. Binti hatakujibu ukweli akiwa amekaa na mama yake kwenye benchi moja. Dawa ya minyoo ya tumbo, albendazoli miligramu 400 au mebendazoli 500, haitolewi miezi mitatu ya kwanza, baada ya hapo inaruhusiwa, kwa hiyo jibu la uongo lina madhara pande zote mbili, anayeficha anameza mapema na anayeogopa anakosa dawa bure.

Kitu ambacho wageni wengi hawakifikirii kabisa ni kichocho cha via vya uzazi. Mayai yanakwama kwenye mlango wa kizazi na kuta za uke, mama anatokwa damu baada ya tendo, ana maumivu na uchafu, na kila akienda kutibiwa anapewa dawa za magonjwa ya zinaa, wakati mwingine ndoa inayumba kwa tuhuma zisizo zake. Mkojo wake unaweza usionyeshe yai lolote, kwa hiyo majibu safi ya mkojo yasikufanye umrudishe nyumbani. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, anapewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kilo, ila haiui minyoo michanga na vidonda vya zamani vinaweza kubaki. Mwandikie rufaa ya kuangaliwa mlango wa kizazi, na kwenye karatasi taja kichocho waziwazi, la sivyo atakayempokea atamwandikia zile zile za zinaa.