Kupunguza mwili ukiwa kwenye dawa za moyo: anza na maji, ndipo uje kwenye ugali

Wanaoniona baada ya kupoteana muda mrefu huuliza kwanza nakula nini siku hizi. Kwa mtu wa dawa za moyo swali hilo linaruka hatua. Mimi moyo wangu umetanuka, na kila siku nameza Lasix na spironolaktoni za kukojoza, losartani ya kushusha presha na karvediloli ya kutuliza mapigo ya moyo. Dawa tatu za mwanzo zinagusa maji, chumvi au madini ya potasiamu mwilini, na chakula nacho kinagusa hivyohivyo. Ilibidi nijue kila kidonge kazi yake kabla sijapunguza tonge. Aliyenielewesha ni mfamasia wa kliniki; daktari ana foleni mpaka koridoni.

Chukua ushauri unaozagaa kwenye simu: kunywa maji lita 3 kwa siku, utapungua. Mimi nimewekewa kikomo cha lita 1.5, chai, uji na mchuzi vikiwemo. Au ule wa kuacha wanga kabisa. Wiki ya kwanza mizani inashuka, watu wanapiga vigelegele, kumbe kilichotoka zaidi ni maji. Mwenye moyo mzima atavumilia. Ukiwa kwenye dawa ya kukojoza unakauka, presha inaporomoka na figo zinaumia.

Kwa hiyo napima uzito asubuhi, nikishatoka msalani na kabla ya chai, nimejifunga khanga ileile, naandika kwenye daftari. Halafu nabonyeza muundi kwa dole gumba. Pakibaki shimo, hayo ni maji. Kilo 2 zikiongezeka ndani ya siku 3 usilaumu maandazi, wahi hospitali. Mafuta yanaondoka taratibu: nusu kilo kwa wiki inatosha sana, na anayekuahidi kilo 10 kwa mwezi hajui unameza nini.

Chumvi ndiyo iliyonipa tabu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Sasa sisi watu wa pwani tuna ng'onda, tuna achari, tuna vile vidonge vya kukoleza mchuzi, na mkate wenyewe una chumvi. Nyumbani hatupiki vyungu viwili. Nateka changu kabla chumvi haijatiwa, nakamulia ndimu, natia kitunguu saumu na pilipili manga. Chumvi mbadala ya dukani nimeikataa. Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, na spironolaktoni pamoja na losartani tayari zinaizuia potasiamu isitoke. Ikizidi kwenye damu, mapigo ya moyo yanavurugika na moyo unaweza kusimama. Soma nyuma ya kopo. Madafu nayo, kwa utamu wake wote, yana potasiamu nyingi. Nayanywa kwa kipimo alichonipa daktari baada ya kuona majibu ya damu.

Kwenye sahani hakuna maajabu: ugali kiasi cha ngumi, mboga nusu ya sahani, samaki wa kuchoma, tui jepesi. Faida kubwa ilitoka kwenye sukari. Mtu anayetia vijiko 3 kwenye kikombe na kunywa vikombe 4 anameza karibu kalori 190 bila kutafuna kitu, soda hujaihesabu.

Wifi yangu aliniletea chai ya kukata tumbo kutoka Kariakoo. "Wifi, hii wala haiharishi, inasafisha tu." Kwenye pakiti waliandika majani, na la kwanza lilikuwa sanamaki. Hiyo ni dawa ya kuharisha, hata bibi zetu waliitumia hivyo. Ukiharisha juu ya Lasix unapoteza maji na potasiamu, na kwa anayetumia digoksini, dawa nyingine ya moyo, potasiamu ikishuka dawa inageuka sumu. Nilimshukuru, nikaiweka kabatini.

Kuna jambo wengi hawaambiwi: ukipungua kweli, dawa za presha zinaweza kukuzidi. Siku moja nilipoinuka kwenye mbuzi, nazi nusu bado mkononi, macho yakaingia giza. Nilipopima, presha ilikuwa 94 kwa 58. Daktari alipitia daftari langu akapunguza losartani. Alipunguza yeye, kidonge hakipunguzwi kwa kujisikia nafuu.

Wenzangu wa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda: mchicha, kisamvu na matembele msiviache wala msivifakamie ghafla, kwa sababu vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa. Kuleni kiasi kilekile wiki hadi wiki, na mkibadilisha mlo semeni mapema kliniki ili INR, kipimo cha muda damu inaochukua kuganda, ipimwe. Anayetumia simvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli (mafuta kwenye damu), aachane na balungi. Anayefunga Ramadhani apangiwe saa za dawa kabla mwezi haujaandama.

Kliniki nenda na daftari la uzito na presha, na pakiti za kila unachomeza, za mitishamba zikiwemo. Omba kipimo cha figo na potasiamu kila dozi au mlo unapobadilika. Na usisubiri tarehe ya kliniki ukiona pumzi inakata ukilala chali, unazimia, moyo unakwenda mbio au kwa kusuasua, au unakonda bila kupunguza chakula.