Maswali ya wasomaji: Nataka bahari ya ndani ya mwamba sebuleni kwangu

SWALI: Habari ya kazi mtaalamu. Mi naishi Kigamboni, nna tenki la kioo alilonitengenezea fundi, urefu sm 120, upana 60, kimo 40. Sitaki yale matenki ya madukani yenye kokoto za rangi na meli ya plastiki imezama, nataka lifanane na huku kwetu maji yakipwa, ule mchanga mweupe, majani, visamaki vidogo vidogo basi. Bahari iko karibu, shemeji yangu ni mvuvi anasema ataniletea chochote, mchanga, mawe, matumbawe, samaki, niseme tu. Nianzie wapi? Na kuna ubaya nikitoa kila kitu baharini?
*Fundi friji, Kigamboni*

JIBU: Bwana fundi, shemeji mpe kazi moja tu kwa sasa, ya madumu ya maji ya bahari. Hayo mengine tutaongea.

Kwanza nikupongeze kwa vipimo, maana watu wengi wanataka tenki refu kwenda juu alafu wanalijaza mawe hadi kileleni, hiyo ni sura ya mwamba wa nje kule mawimbi yanakopiga. Ndani ya mwamba, yaani kati ya mwamba na ufukwe, ni kitu kingine kabisa, ni mchanga mwingi, majani, jiwe moja hapa na lingine kule, maji ya kina kifupi yanayotembea taratibu na jua kali. Kwa hiyo tenki pana na fupi ndo lenyewe. Ila hesabu uzito kabla hujachagua pa kuliweka. Tenki lako likijaa hadi ukingoni ni lita 288, toa mchanga na mawe na nafasi ya juu, utabaki na maji kama lita 220 hivi, na lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa kilo moja na gramu 25 hivi. Jumlisha mchanga na kioo chenyewe unapita kilo 300 vizuri tu, kwa hiyo kama uliwazia meza ya tivii sahau, tafuta stendi ya chuma au jenga tofali.

Sasa maji. Hapa ndo wewe wa pwani unamshinda mtu wa Ulaya anayenunua chumvi kwa bei ya dhahabu, lakini sio kila maji ya bahari yanafaa. Usichote upande wa bandarini wala karibu na mdomo wa mto, Msimbazi ndo usiwaze kabisa. Nenda upande wa bahari wazi, Mjimwema kule au Gezaulole, chota wakati maji yanajaa na yanakaribia kujaa kabisa, bamvua ni bora zaidi maana maji yanatoka nje mbali. Ikiwa masika imenyesha siku hizo mbili tatu subiri, maji ya juu yanakuwa na chumvi pungufu na uchafu wote wa mitaro uko humo. Madumu yawe mapya au ya maji ya kunywa, dumu lililowahi kubeba mafuta au sabuni hata ulioshe vipi utakuja kujuta. Chuja kwa kitambaa safi cheupe, alafu weka kwenye pipa lenye mfuniko, gizani, wiki moja au mbili, vijidudu vinavyoelea vinakufa na tope linashuka chini, kisha unanyonya kwa mpira yale ya juu tu. Ukiweza weka na kipampu cha hewa, bila hivyo pipa litanuka.

Nunua haidromita, kile kifaa cha kupimia chumvi ya maji, sio ghali. Unataka isome 1.023 mpaka 1.026. Maji yakipungua kwa kukauka (na Dar yanakauka kweli) usiongeze ya bahari, ongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Na wewe kwa kuwa ni fundi friji najua unawaza yale maji yanayodondoka kwenye AC. Hapana. Yamepita kwenye koili, yanaweza kuwa na shaba, na shaba kidogo tu inaua konokono na kamba wote. Tumia maji yaliyochujwa ya kunywa.

Mawe. Shemeji asitoe jiwe baharini na matumbawe hai asiyaguse, ni kosa kisheria na hata ingekuwa si kosa yatakufia, maana tenki jipya haliwezi kuyalisha kalsiamu na mwanga yanavyotaka. Tena huko kwenu visiwa vya Sinda, Kendwa na Makatumbe ni maeneo tengefu ya bahari, sawa na Mbudya na Bongoyo upande wa pili, humo hutoi kitu, hata kombe tupu. Lakini fundi, jiwe la matumbawe unalikanyaga kila siku! Pwani yetu nzima imekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya zamani, wataalamu wa miamba wanasema sehemu kubwa ni ya miaka kama 125,000 iliyopita bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na ndo jiwe lililojenga Mji Mkongwe na magofu yote ya pwani unayoyajua. Linachimbwa nchi kavu na kuuzwa kwa ajili ya msingi. Nenda wanapouza mawe ya ujenzi, chagua mwenyewe yale mepesi yenye matundu mengi, vipande vitano sita vinatosha. Yaoshe kwa brashi, yaloweke kwenye ndoo wiki mbili huku unabadilisha maji mpaka yaache kutoa unga mweupe. Yale matundu ndo nyumba za bakteria, na bakteria ndo filta yako ya kweli, pampu inasukuma maji tu.

Mchanga nao ni hivyohivyo, kuchimba ufukweni kwa magunia usifanye, fukwe zetu zinaliwa na mawimbi tayari na serikali haitanii. Nunua mchanga mweupe wa matumbawe kwa wauza samaki wa mapambo, kama kilo 70 au 80, uwe sm 4 mbele na upande kuelekea nyuma hadi sm 10. Sio wa mtoni, ule haukusaidii kushikilia pH (kipimo cha asidi ya maji) na mara nyingi unaleta utando wa kahawia. Kisha nenda ofisi ya uvuvi au BMU (kikundi cha wananchi cha kusimamia uvuvi) ya hapo kwenu uwaambie unachofanya, uombe kibali cha kuchukua kikombe kimoja cha mchanga wa baharini ulio hai ukautandaze juu. Kikombe, sio ndoo. Humo mna minyoo na vidudu vya kutosha kuanzisha mtaa mzima.

Majani ndo sehemu naipenda mimi. Wakati wa kusi baada ya usiku wa upepo utakuta nyasi bahari zimetupwa ufukweni, tafuta zile ambazo bado mbichi na zimetoka na shina lake la chini na mizizi, hizo zimeshang'oka zenyewe. Usizing'oe shambani kwake, samaki wachanga wanalelewa pale. Zipande pale nyuma penye mchanga wa kina, shina lifunikwe, majani yaachwe nje. Nyingi zitapukutisha majani kwanza, usizitoe, ngoja uone kama shina litachipua. Mwani nao usihangaike, wakulima wa mwani wapo Mlingotini kule Bagamoyo, na Paje na Jambiani kwa wa Unguja, fungu dogo la mwani hai watakuuzia na wanashangaa tu unaupeleka wapi. Taa iwe LED yenye nguvu, masaa 10 kwa siku kwa taima. Hita huhitaji, shida ya Dar ni joto, maji yakipita nyuzi 30 washa feni ndogo ipulize juu ya maji.

Alafu unangoja. Weka kipande kidogo cha kamba mfu kioze humo, amonia, ile sumu ya vitu vinavyooza, inapanda, bakteria wanaigeuza nitriti, wengine wanaigeuza nitrati, wiki nne mpaka sita. Pima. Amonia sifuri na nitriti sifuri ndo unamwita shemeji, na hapo pia uliza leseni kwa watu wa uvuvi maana kukamata samaki hai wa mapambo sio sawa na kukamata wa kitoweo. Anza na konokono wadogo wala utando na vikaa vile vinavyobeba kombe mgongoni. Samaki, wawili watatu tu, wasiozidi kidole, na kama atapata wale wanaolinda mlango wa shimo huku kamba mdogo anachimba ndani, chukua jozi hiyo na umalize hapo, utakaa unaangalia hadi chai ipoe. Chafi mchanga anapendeza lakini anakula mwani wako wote na anakua mkubwa, tena miiba yake ina sumu. Kiti cha pweza atakufa njaa, jongoo bahari akifa anaweza kuwaulia wote, pweza atatoka usiku. Na mwambie shemeji asiokote konokono wa umbo la koni mwenye michoro, kuna aina zinazochoma na zimeshaua watu.

Kila wiki mbili toa maji sehemu moja ya kumi mpaka moja ya tano, uweke mapya ya bahari. Umeme ukikatika uwe na pampu ya hewa ya betri.

SWALI: Nimepewa mawe na jamaa aliyekuwa na tenki la maji chumvi, yana vitu laini vya kahawia vimeota. Naweza kuyachemsha yawe safi?
*Msomaji, Mtwapa*

JIBU: Usichemshe! Vile vitu laini baadhi yake vina sumu inaitwa palitoksini, ni kati ya sumu kali kabisa za baharini, na ukichemsha inaruka na mvuke, kuna familia zimelazwa hospitali kwa sababu hiyo. Usisugue bila glavu na miwani wala usipige na maji ya presha. Yaweke nje kwenye ndoo ya maji yenye jiki, yafunike, watoto na paka wasifike, kisha suuza na uyaanike juani mpaka yasinuke jiki.

SWALI: Mimi nipo Dodoma, bahari iko mbali, je chumvi ya dukani ya kupikia nikipima vizuri si ni ileile?
*Mama Zuu, Dodoma*

JIBU: Siyo mama, samahani. Ile ni sodiamu kloridi imeongezwa madini joto, maji ya bahari yana magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengine mengi, bila hayo samaki hakai. Ama ununue chumvi maalumu ya akwariamu, ama upate mtu wa kukuletea madumu kutoka pwani na maji hayo yanavumilia safari vizuri tu yakifunikwa na yasipikwe na jua. Ukiwa na tenki la lita 60 hesabu haitishi. Na kama hujanunua bado, fikiria sato wadogo au samaki wengine wa maji baridi, ni raha pia na bajeti inapumua.

SWALI: Dada yangu anakuja huku Muscat mwezi ujao, nataka anibebee vipande viwili vya matumbawe vya Unguja kwa tenki langu, vilivyokufa tu, kumbukumbu ya nyumbani.
*Msomaji, Muscat*

JIBU: Mwache dada asafiri kwa amani. Matumbawe magumu yapo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaliyokufa pia, bila kibali anaweza kuzuiwa uwanja wa ndege huku au huko na faini akalipa yeye. Mwambie akuletee kashata na viungo, jiwe tafuta hapohapo kwa wauzaji wenye vibali.